Chumba cha Mukamana

Jumapili. Mawingu mazito tangu alfajiri.

Mvua imenizuia kutoka. Tangu asubuhi ninamfikiria Mukamana.

Nilikuwa na miaka kumi, Mwingereza bado anatawala. Mukamana alikimbia Ruanda baada ya nyumba yake kuchomwa moto. Yeye, bintiye anayenyonya na wenzao wachache waliletwa Tabora kwa lori, wakawekwa ghalani karibu na reli. Mlangoni mlinzi. Hakuna kutoka.

Mama aliwapelekea uji, akarudi amenuna. Baba alikuwa fundi cherehani, na wateja wake wakubwa walikuwa makarani wa serikali.

"Usiniharibie kazi," alimwambia mama.

Mama alijifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda ofisi ya wilaya kuomba Mukamana na mwanawe wakae kwetu.

"Utawalisha nini?" karani aliuliza.

"Tunachokula sisi. Hawajaiba kitu, mbona mmewafungia?"

Tulikaa barazani kutwa nzima. Jioni Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa ofisi, akatoa kibali cha Mukamana na mwanawe. Wale wengine walichukuliwa na majirani siku zilizofuata.

Alipewa chumba changu. Nililia sana, na mama hakunibembeleza.

"Chumba ni chake sasa. Ukitaka kuingia, bisha hodi."

Ramadhani ilipoingia, Mukamana, Mkatoliki, aliona haya kupika mchana, akawa anashinda njaa huku ananyonyesha. Mama alipogundua alimwashia jiko mwenyewe. "Pika, dada. Hapa ni kwako."

Nikamzoea. Alinifundisha kusuka vikapu. Vyangu vilipinda, naye alicheka mpaka akajifuta machozi. Naikumbuka nyumba ile: mtoto anatambaa chini ya cherehani, baba anamkemea huku anatabasamu, uani wanawake wawili wanapepeta mchele na kusemezana.

Sijaishi tena katika nyumba yenye furaha kama ile.

Mwaka uliofuata serikali ilimpa shamba Goweko, mbele kidogo kwa treni. Siku ya kuondoka nilijificha nyuma ya jiko. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kutuacha.

"Mwajuma! Mwajuma wangu!"

Sikuitika.

Baba ndiye aliyembebea mzigo hadi stesheni. Alirudi macho mekundu, akasema vumbi.

Sikumwona tena. Alifia Goweko, mwenye shamba lake na wajukuu, bila kujua kwamba nilimsikia akiniita. Bintiye, naambiwa, bado yupo kule.

Kesho naulizia treni. Sijui nianze na salamu, au na kuomba radhi.