Rilizi Uliyonikataza Kuichukua

Ami Seif,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikasita, maana hukuwahi kuiacha shikamoo yangu ipite bila ya "marahaba mwanangu, umekula?" Hata ulipokuwa umelala hospitali kule Maskati, sauti imekuishia, ulikuwa ukiniitikia kwa kope za macho. Leo sitarajii jibu. Nakuamkia kwa sababu sijui namna nyengine ya kuanza na wewe.

Nakuandikia Kiswahili. Skuli nafundisha kwa Kiarabu, na watoto wa dada nikiwasemesha Kiswahili wananijibu "eish?", yaani nini? Tangu uondoke zinapita siku sijatamka neno lake hata moja, ila nikija hapa kwa Bi Zuwena, mkeo. Wewe uliyezaliwa Tabora ulikuwa ukinicheka nikikosea, ukinisahihisha huku unamenya chungwa. Sasa nakosea na hapana wa kunicheka.

Nataka nikueleze habari ya rilizi yako. Naona lazima uijue, na kwa mwengine yeyote naona haya kuisema.

Unakumbuka nilivyokuja shamba mara ya mwanzo. Talaka yangu ilikuwa mbichi, na kila nyumba niliyoingia Ibra watu walinitazama kama mgonjwa. Wewe hukuniuliza kitu. Ulinichukua nyuma ya mitende, kwenye ule ukuta wa udongo, ulikopanga marobota ya nyasi na kubandika karatasi ya shabaha, ukanitia mkononi ule upinde wako wa roda, wenye vigurudumu kwenye ncha zake. "Vuta," ukasema. Nikataka kuivuta kamba kwa vidole, ukanizuia. "Huu hauvutwi kwa vidole vitupu. Unavutwa kwa hii. Wenyewe wanaiita rilizi. Inaishika kamba badala ya vidole vyako, na wewe ukitaka, inaiachia." Ukanifunga ile ya kwako, yenye mkanda wa ngozi wa kifundo cha mkono na ulimi mdogo wa kubonyeza kwa kidole cha shahada, kama bunduki. Mkanda ulinipwaya. Ukaenda ukaleta msumari, ukautoboa tundu jipya kwa ajili ya mkono wangu.

Ile ndiyo rilizi uliyokwenda nayo Afrika Kusini kuwinda, baada ya kustaafu, maana hapa kwetu paa wana ulinzi wa sheria na hapana anayewagusa. Ulinihadithia mara ngapi habari ya yule mwenzako mliyekaa naye juu ya jukwaa la miti! Yeye alikuwa na rilizi ya kushika kiganjani, nzuri, ya mashindano, ya kutamanisha. Wanyama wakatoka kichakani, akaitafuta mfukoni, ikamponyoka, ikagonga ngazi ya chuma mpaka chini. Tandala wote wakapotea. Ulikuwa ukimuiga yule bwana alivyobaki na mdomo wazi, nami nacheka hadi nakaa chini. Kisha unasema, "Mnyama hangoji, Rahma. Mwindaji anataka kitu kilichofungwa mkononi, kisichoanguka, anachokijua gizani. Karatasi ya shabaha inangoja. Kwa hiyo anayepiga karatasi anataka kitu chengine."

Na mimi nilikuwa mpiga karatasi. Nilipenda utulivu wake. Lakini kidole changu! Macho yakifika tu kwenye manjano ya kati, kidole kinakurupuka, kinaubonyeza ule ulimi kama kinachomwa na moto. Mshale unakwenda juu, unakwenda chini, mmoja uliingia ukutani na ungalimo. "Kidole chako kina haraka kuliko wewe," ulisema. Ukaagiza Dubai ile nyengine, ya shaba, nzito, isiyo na ulimi wala kitufe. Ukanielekeza: unaishika kwa vidole, unavuta kwa misuli ya mgongo, mkono unajizungusha kidogo kidogo, na yenyewe inaachia wakati usioungojea. Kidole hakiwezi kukurupuka kwa kitu ambacho chenyewe hakijui kitatokea lini.

Siku hiyohiyo ilinipiga. Nililemea kwa kidole kisicho chake, kamba ikachoropoka nusu ya njia, na ngumi yangu mwenyewe ikanijia mdomoni. Damu. Nikaitupa mchangani. Ulicheka, astaghfirullah, ulicheka vibaya, halafu ukaenda ukaniletea barafu kwenye kitambaa. Nikakwambia sitaigusa tena. Hukubishana. "Itakungoja. Ukitaka, anza na kitanzi cha uzi," ukasema, ukaipangusa, ukairejesha kwenye sanduku.

Kisha ini lako likaanza.

Sitaki kuyaandika yale ya hospitali. Uliyaishi wewe. Nitaandika moja tu. Alasiri ile Bi Zuwena alikwenda kusali, nikabaki mimi na wewe. Ukanishika mkono, na mkono wako ulikuwa mwepesi, kama wa mtu mwengine. Ukasema, "Rilizi yangu ya mkanda mpe Khalfan. Wewe usiichukue."

Nikasema, "Haya, Ami." Nikatoka nje nikasimama karibu na mashine ya maji, nikalia mpaka muuguzi mmoja wa Kihindi akaniletea kiti.

Khalfan ni mwanao, haki yake. Nampenda kama kaka yangu wa tumbo moja. Lakini yeye yuko Maskati na benki yake, alikuwa akija sikukuu na sikukuu. Aliyekuwa na wewe nyuma ya mitende kila Ijumaa ni mimi. Aliyeokota mishale na wewe ni mimi. Upinde, sanduku, vyote sikuvitaka. Nilitaka kitu kimoja kilichokaa kwenye ngozi yako, na hicho ndicho ulichoninyima. Nilijiuliza nimekukosea nini. Nilitaka kukuuliza, lakini siku ya pili ulikuwa huongei tena, na alfajiri iliyofuata ukaenda.

Walikuzika hapa Ibra kabla ya jua kuwa kali. Sisi wanawake tulibaki ndani. Nilisikia viatu vya wanaume vikitoka uwanjani, vikawa vingi, vikapungua, kisha kimya. Sijapata kusikia kimya kama kile.

Baada ya matanga Khalfan akafungua sanduku. Nikamwambia wasia wako neno kwa neno, sikuficha. Akaitazama ile rilizi, akanitazama mimi, akasema, "Baba alikuwa mgonjwa, Rahma. Dawa zilikuwa zikimsemesha. Ichukue. Wewe ndiye uliyekuwa naye." Akanitia mkononi.

Nikaichukua. Wallahi nilifurahi. Ngozi yake ilikuwa bado ina harufu yako, jasho na udi. Nikaifunga kwenye tundu lile ulilonitobolea, nikaenda nyuma ya mitende peke yangu, na nikaanza kujitayarisha kwa yale mashindano ya wanawake Nizwa uliyoniandikisha kabla hujalala kitandani. Nilijiambia nitashinda kwa mkono wako.

Ami, nilipiga vibaya kuliko siku ya mwanzo. Kila nikivuta nilikuwa nakuwaza wewe, na kidole kinakurupuka na machozi yanakurupuka nacho. Nilivunja mishale. Nilirudi nyumbani bega linauma, na Ijumaa ya pili nikarudia yaleyale.

Na kumbe Khalfan naye alikuwa na lake. Ile safari mliyokuwa mwende pamoja Afrika Kusini kuwinda hakuifuta. Alijinunulia upinde wake na rilizi mpya ya kiganjani, muuzaji kamwambia ndiyo wanayotumia mabingwa. Akanipigia simu, anacheka lakini hacheki: "Nimejaribu na nguo za kuwindia, kila nikiitaka siioni. Mara mfukoni, mara mchangani. Jana nimeipoteza sebuleni kwangu!" Nikamkumbuka yule bwana wa jukwaani na mdomo wake wazi. Sikucheka.

Jioni hiyo nilikuja kwa Bi Zuwena. Alikuwa ndani ya eda bado, amekaa na tasbihi yake, amevaa nyeupe juu mpaka chini. Nikamweleza yote, na lile la hospitali pia. Akasema kwa ile sauti yake ya polepole, "Aliniambia na mimi. Hakuwa amechanganyikiwa. Alisema, Rahma nikimwachia ile ya mkanda ataitumia kwa ajili yangu, na ile itamharibia. Mwache anilie, lakini asipige shabaha kwa machozi."

Nikamuuliza kwa nini hakunambia mapema.

"Nilijua utachukia," akasema. "Na mimi pia nilikuwa na msiba, mwanangu."

Basi nikalia, si kilio kile cha kwenye mashine ya maji. Nilikuwa nimedhani umenipunguzia, kumbe ulikuwa ukinichagulia. Mtu anakufa, ini linamla, na anawaza mkono upi unataka chombo gani.

Khalfan alipokuja kumtazama mamake nilimfunga ile ya mkanda mwenyewe. Tundu langu halikumtosha, tukarudi kwenye tundu lako la zamani, lile lililokwisha kulegea. Lilimkaa sawasawa. Kifundo chenu cha mkono ni kimoja, Ami, sikuwahi kuona. Alikunja na kukunjua vidole, akatoka uani.

Mimi nikaitoa ile ya shaba. Sikwenda nayo kwenye upinde. Nilifanya ulivyotaka nifanye tangu mwanzo: nikafunga kitanzi cha uzi wa katani, urefu wa mvuto wangu, nikakaa na Bi Zuwena navuta uzi. Navuta, mgongo unakaza, mkono unazunguka, inaachia. Uzi unaruka, hapana wa kuumia. Navuta tena. Bi Zuwena akanitazama, mwisho akauliza, "Wewe unafanya nini hapo, unasuka mkeka wa majini?" Akacheka. Mara ya mwanzo tangu wewe. Akajishika mdomo kama aliyetenda kosa, akaona na mimi nacheka, akauacha mkono ushuke.

Nilivuta uzi mpaka mwili ukaacha kuogopa. Ndipo nikarudi nyuma ya mitende.

Khalfan alinipigia kutoka huko mwituni, simu inakatikakatika. Tandala alitoka ghafla, karibu, na yeye ameshaikamatisha rilizi kwenye kamba bila hata kuitazama. Mara ya mwanzo mnyama alisimama vibaya, akamwacha. Alipogeuka ubavu, akapiga bismillahi, akabonyeza taratibu. Mnyama hakwenda mbali. Khalfan akamfikia, akachinja, nyama wakagaiwa watu wa pale. Alinihadithia yote hayo vizuri kama wewe, kisha akasema, "Niligeuka nimwonyeshe Baba." Tukabaki sote wawili kwenye simu, hapana anayekata.

Na Nizwa nilikwenda. Dada alinipeleka kwa gari lake, akaleta halwa na dele la kahawa kama tunakwenda harusini. Palikuwa na upepo kidogo, bendera ndogo juu ya shabaha zinachezacheza. Mshale mmoja nilivuta, nikangoja, mgongo ukachoka, nikahisi naanza kuilazimisha. Nikaushusha upinde bila ya kupiga. Watu wakatazama. Nikavuta pumzi, nikavuta upya, na ile ya shaba ikaachia wakati sijui, na mshale ukakaa palepale pa manjano.

Sikushinda. Kuna msichana wa Sur, mikono yake ni mawe, yeye ndiye aliyeshinda na alistahiki. Mimi nilikuwa wa nne. Lakini kidole hakikukurupuka hata mara moja.

Nilipomaliza nikaenda pembeni, nikatoa simu. Jina lako lingalimo, na ile picha uliyopiga umefunga kilemba upande. Kidole kilikuwa kimeshaligusa kabla sijakumbuka. Iliita. Bi Zuwena anaitia umeme simu yako kila siku, hataki izimike. Akaipokea yeye, akadhani nimekuwa na shida njiani. Nikamwambia, wa nne. Akaniuliza, "Umekula?"

Ami, nilikaa chini palepale kwenye majani.

Nitaishia hapa, maana Bi Zuwena ananiita, chakula kimekwisha pakuliwa. Wewe lala. Mungu akupe nafasi na nuru, akusamehe ulichokosa na akulipe ulichotufanyia, na akituleta huko atukutanishe katika kheri. Sina cha kukupa ila dua, na neno hili moja ninaloweza kulitimiza: maadamu mimi niko Ibra, mkeo hatokula peke yake.

Kwaheri, Ami yangu.

Mwanao,
Rahma