Mashine Iliyokulia Nkololo

Dodoma, 3 Februari 2025

Kwa Bibi yangu Salu,

Shikamoo Bibi. Hujambo? Goti la kushoto limepoa? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anakula nguo za watu kwenye kamba? Mimi ni mzima. Ningekupigia, lakini najua simu ikiwa sikioni kwako unasikia nyuki tu.

Mwalimu Novatus, najua ni wewe jirani yetu unayemsomea Bibi barua hii. Shikamoo na wewe. Tafadhali soma yote, usifupishe.

Bibi, barua iliyopita uliniuliza nasomea nini hasa, nami nilipojibu kompyuta ukasema hicho ni kitu, si somo. Sasa nakueleza vizuri. Siku hizi watafiti wanazifundisha kompyuta kusikia watu wakisema na kuandika walichosema. Wanazisikilizisha sauti nyingi mno, mpaka zenyewe zinashika. Kiingereza zinakijua, Kichina zinakijua, Kiswahili zinakibabaisha. Kisukuma hazijui hata neno, na sisi tulivyo wengi! Mimi naifundisha moja isikie Kisukuma na kuandika kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo shahada yangu ya pili. Bila sauti za watu sina utafiti, na mwezi wa sita nisipokuwa na kitu cha kuonyesha mbele ya wasahihishaji, nafasi yangu anapewa mwingine nami nafungasha.

Ndani ya bahasha kuna simu na orodha ya sentensi hamsini. Naomba watu arobaini, kila mmoja azisome zote. Asiyejua kusoma, Mwalimu amsomee Kisukuma chake, naye arudie. Zenye nyota zisemwe kwa sauti ya juu kabisa, kama mtu anamwita aliye mbali. Mkimaliza, toeni ile kadi ndogo ya simu mumpe kondakta wa basi la Bariadi, kwa sababu mtandao wa huko hauwezi kubeba mzigo huo. Na bahasha isije na kadi peke yake. Niandikie, Bibi.

Mjukuu wako,
Winnie


Nkololo, 27 Februari 2025

Kwa mjukuu mpendwa Winnie,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku ni wazima kwa kiwango cha kuridhisha, isipokuwa goti la kushoto. Mbuzi naye ni mzima, na juzi amekula kola ya shati la mwandishi wa barua hii.

Bibi yako anasema simu ameipokea. Aliisalimia mara tatu, haikuitikia, akaiweka juu ya mtungi na kusema hawezi kuzungumza na asiye na adabu.

Tukaanza na Mzee Mashimba, mtu mtiifu. Alisoma vizuri hadi sentensi ya kumi na tisa, ambayo wewe mwenyewe uliipa nyota: Njooni, ng'ombe wetu wameibiwa! Winnie, wewe umezaliwa Nkololo. Mzee Mashimba alisimama, akavuta pumzi, akaita kama ulivyoagiza. Kabla sijageuza ukurasa, sungusungu wa vitongoji vitatu walikuwa uani na marungu yao, na wengine walikwisha kuishika njia ya Bariadi ili wawazuie wezi. Nilijitahidi kuwaeleza kwa Kiswahili fasaha kuwa huu ni utafiti. Kiongozi wao, Ngassa, akataka kujua utafiti huo umewapitisha ng'ombe upande gani.

Aliyetuokoa ni Bibi yako. Alisimama langoni, akawahesabu, akapata thelathini na nane. Akasema walioitika yowe hawaondoki bila kazi. Kwa siku mbili wakaisemesha simu mmoja mmoja, naye akaweka sharti: mtoto wa watu harukiwi kwa maneno bila salamu. Kwa hiyo kila mmoja aliisalimia simu kabla ya kila sentensi, nami nikajitolea kuitikia kwa niaba ya simu. Baada ya kusikia kuwa sasa inaitikia, Bibi mwenyewe akawa wa arobaini.

Bibi anasema soma kwa bidii wala usisumbuke na mambo ya nyumbani. Anasema pia kwamba mwandishi wake anahitaji miwani ya kusomea, namba mbili na nusu, fremu nyeusi.

Bibi yako,
Salu
(kwa mkono wa Mwl. Novatus)


Dodoma, 6 Mei 2025

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo Bibi. Goti linasemaje? Nisamehe kwa kukawia. Habari ya yowe nimeisoma nikicheka hadi machozi, halafu nikaona aibu. Mtoto wa Nkololo mzima naandika sentensi ya namna ile na kuitia nyota! Mpeni pole Mzee Mashimba, na Ngassa na wenzake wote.

Lakini kuna tatizo, Bibi, na si dogo. Mashine inashika kile inachosikia mara nyingi, na ilichosikia mara nyingi ni salamu yetu, Mwangaluka. Karibu mara elfu mbili. Mtu anasema Mwangaluka, kinakuja kimya kidogo, halafu Mwalimu Novatus anaitikia Mwangaluka duhu kwa sauti nyembamba ya kitoto, ambayo sijui aliitoa wapi. Sasa mtu akinyamaza tu mbele ya kipaza sauti, mashine inadhani hapo ni mahali pa salamu, inaandika yenyewe: Umeamka salama? Nyumbani salama? Jana niliiacha wazi nikaenda kula, niliporudi nikakuta kurasa kumi na moja za salamu. Profesa wangu akaniuliza kama natafuta shahada au natafuta mchumba.

Ukizungumza nayo inakusikia vizuri, hilo namshukuru Mungu. Ni kimya ndicho kinachoniponza. Nimebakiwa na wiki tano. Bibi, nakuomba sana, hata watu kumi tu wasome tena, safari hii wasiisalimie. Najua unavyoliona jambo hilo. Lakini nikishindwa hapa, miaka yangu imekwenda bure nami sina uso wa kurudi nyumbani. Naogopa, Bibi. Usiku silali vizuri.

Mjukuu wako,
Winnie


Nkololo, 15 Mei 2025

Kwa mjukuu mpendwa Winnie,

Tumsifu Yesu Kristo. Hali zetu ni zilezile, na goti vilevile.

Barua yako nimemsomea Bibi mara mbili. Jibu lake ni hapana. Anasema hapa hatujamfundisha mtoto yeyote kuacha salamu, hatutaanza na wa kwako. Anasema hao wasahihishaji nao walilelewa na watu, hawatamfukuza mtu kwa sababu amewasalimu. Nilijaribu kumweleza uzito wa jambo, akaniambia nikae chini.

Alisema na mengine mengi, na alichukua muda, lakini kwa kuwa hayahusiani na utafiti sitakujazia kurasa. Anakutakia mtihani mwema na utulivu wa akili.

Miwani bado tunaisubiri. Barua hii nimeiandika nikiishika mbali na uso kadiri mkono unavyofika.

Bibi yako,
Salu
(kwa mkono wa Mwl. Novatus)


Dodoma, 14 Juni 2025

Bibi yangu, Bibi yangu!

Shikamoo! Goti lisubiri kidogo. Nimepita!

Ngoja nikusimulie. Wasahihishaji walikuwa watano. Mmoja ametoka chuo kingine, mtu mzima, uso ameukaza, na kumbe ni mzaliwa wa Nyalikungu kule Maswa. Nilikuwa nimeomba asiwepo mtu anayejua Kisukuma. Wakaniambia nionyeshe mashine, na yeye ndiye akaitwa aisemeshe. Akasogea kwenye kipaza sauti, akaanza kufuta miwani yake. Akafuta. Akafuta. Mimi nahesabu sekunde za kimya. Na pale ukutani, kwa herufi kubwa, mbele ya maprofesa wote, ikaandika: Umeamka salama? Nyumbani salama?

Nikatamani nipotee. Basi yule mzee akainama kidogo hivi, kama tunavyofanya kwa mkubwa, akaitikia kwa sauti kwamba ni salama tu, "Mhola duhu!" Halafu ndipo akakumbuka kuwa yuko kikaoni. Chumba kizima kikacheka, na yeye mwenyewe akacheka zaidi ya wote. Akauliza mashine hii imelelewa na nani. Nikamweleza yote, yowe, sungusungu thelathini na nane, na wewe langoni. Akasema mwaka huu amesahihisha mashine tisa, na hii ndiyo ya kwanza kumuuliza habari za nyumbani kwake. Kisha akaisemesha robo saa nzima, nayo ikaandika vizuri. Wamenipitisha kwa sharti moja tu, niongeze sura nzima inayoeleza salamu hizo zimetoka wapi. Ulisema kweli, Bibi, nami nilikuwa nalia bure.

Sasa, ndani ya bahasha kuna simu nyingine. Mashine imo humo. Bonyeza palipo na rangi ya kijani, sema Kisukuma chako, yenyewe itaniandikia kwa Kiswahili. Ukimaliza bonyeza tena, kisha kadi apewe kondakta. Lile kosa nimelipunguza lakini halijaisha, ukinyamaza itaanza tu salamu zake. Uivumilie. Mwalimu, miwani yako imo pia, namba mbili na nusu, fremu nyeusi.

Nyumbani sijui nitakuja lini. Kuna hiyo sura ya kuandika, na Profesa amenipa kazi ya miezi sita hapa. Ni miaka mitatu sasa tangu nitoke huko. Lakini wewe mwenyewe katika barua zako umenikataza nisisumbuke na mambo ya nyumbani, na nakushukuru kwa kunielewa.

Mjukuu wako,
Winnie


22 Juni 2025. Imeandikwa na mashine kutokana na sauti.

Umeamka salama? Nyumbani salama? Nimeamka salama tu.

Mke mwenzangu, mjukuu wangu, ni mimi. Ni Salu. Novatus yuko nje na miwani yake mipya, anasoma gazeti la mwaka juzi. Nimemfungia mlango. Nataka nione kama huyu mtoto wako ni mwaminifu kumshinda yeye.

Mimi kusoma sijui, lakini macho ninayo. Miaka mitatu nikimwambia Novatus neno moja, kalamu yake inakwenda ukurasa. Nikimwambia mengi, anaandika mstari. Nikiuliza, ananiambia barua ina utaratibu wake.

Juzi ananisomea barua yako, alipofika mwishoni sauti ikapungua, akakohoa. Nikamwambia rudia. Akakohoa tena. Nikamwambia rudia Novatus, goti linauma lakini fimbo ninayo. Akarudia. Ndipo nasikia kwamba mimi nimekukataza kuja nyumbani. Mimi? Lini?

Mimi nilisema njoo. Kila barua nilisema njoo. Nilipombana akasema mwanafunzi hasumbuliwi, ukisikia utalia, ukilia utafeli. Labda kweli ungefeli. Sasa umepita, nami nasema kwa mdomo wangu. Njoo. Nimekukumbuka, mtoto wa mwanangu. Nimekukumbuka mpaka napika ugali wa watu wawili, na wako unaliwa na mbuzi. Pamba imepasuka, lakini si pamba ninayokuitia. Pamba itachumwa na watu. Nataka kukuona.

Zile sentensi zako za nyota, mimi nilizisema zote kwa sauti ya juu, isipokuwa ile ya ng'ombe. Novatus alisema umeagiza mtu aseme kama anamwita aliye mbali. Nikaita nikikuwaza wewe. Koo likanikauka siku mbili. Umekaa na sauti yangu miezi yote hiyo ukiifundishia mashine, na hukusikia kwamba naita?

Miwani umefanya vizuri. Usimkasirikie Mwalimu, ameniandikia miaka yote bila kudai kitu zaidi ya hiyo. Ila asiniandikie tena.

Basi, nimemaliza. Hapa nabonyeza wapi? Palikuwa na kijani, sasa sipaoni. Haya, basi. Nakaa tu hapa.

Umeamka salama? Nyumbani salama?

Umeamka salama? Nyumbani salama?

Umeamka salama? Nyumbani salama?

Umeamka salama?