Visiki vya Kiuno

Jumatatu, 3 Februari
Nimenoa mnyororo wa pawa, msumeno wa injini. Chepsaita nzima hakuna anayeangusha miti ya blugamu kama mimi. Shule ilinitema Form Two, lakini mti hauulizi cheti. Buda, baba yangu, bado yuko wodi Eldoret, kifua kinamsumbua. Ameniachia miti yake: nikate mistari miwili tu, kuni za boila ya kiwanda cha chai. Ingine ingoje. Akipona, shamba hili la miti ni langu. Dada yangu Chebet amenuna. Pole kwake.

Jumatano, 5 Februari
Broka wa kuni amekuja na lori mbili. Anataka yote. Eti Buda anahurumia miti kama ng'ombe, majirani walishauza. Akasifu mkono wangu. Nikamwambia alete lori la tatu. Blugamu huchipuka tena, nani hajui.

Alhamisi, 6 Februari
Nimemaliza. Msitu mzima, mtu mmoja. Buda huinama, anakata chini kabisa, mshazari, maji yateremke kisiki kisioze. Mimi nimekata juu, usawa wa kiuno, bila kuinama. Mgongo ni wangu. Lori zilivuta magogo na cheni, visiki vikachunika magome. Chebet akaniuliza, "Baba akirudi, utasema ulifundishwa na nani?" Nikamwambia arudi jikoni.

Jumapili, 16 Februari
Buda ametoka hospitali. Ameenda kisiki kwa kisiki, anashika pale gome limetoka, kama anapima homa ya mtoto. Nikaanza hadithi: broka, lori, haraka.
"Nilikuomba mistari miwili," akasema.
Hiyo tu. Afadhali angenichapa.

Jumanne, 18 Februari
Nilibeba pawa nikavikate visiki upya, chini. Buda amesema niache, vimeumia vya kutosha. Amesema kwa upole. Huo upole unanimaliza. Nimelia chooni. Mimi.

Jumamosi, 28 Juni
Mvua imenyesha wiki nyingi. Visiki vingi vimekufa. Vichache vimechipuka. Jana Mama aliniambia shamba la miti litakuwa la Chebet. Sikubisha.
Leo Buda amekaa hapo shambani kwa kiti cha plastiki, Chebet ameinama na panga. Kwa kila kisiki anaacha machipukizi mawili yenye nguvu, anatoa mengine. Buda anamwonyesha na fimbo, anakohoa, anamwonyesha tena. Sikuitwa. Nimempelekea Buda chai. Akasema asante. Nikasimama kidogo, labda aongeze neno.
Nimerudi nyumbani.