Albamu ya Kuondoa Kilio

Kwako Maman yangu mpendwa, Bagira, Bukavu

Maman, nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi kibarazani na si kitandani. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Cikuru aliniambia kwamba siku hizi unateremka mpaka parokia kwa fimbo, na unakasirika mtu akikushika mkono. Nilicheka, kisha nikasikitika kwamba nimecheka peke yangu. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe unaanza kulia, mimi naanza kulia, Cikuru anasingizia kwamba mtandao umekatika, na lile nililotaka kusema linabaki bila kusemwa. Leo nitalisema, ila niache nilifikie polepole.

Kazi yangu unaijua. Natunza wazee katika nyumba ambamo watoto wao wamewaweka. Ulishaniuliza kwa nini hao watoto hawakai na wazazi wao, na hata mimi najiuliza. Nawaogesha, nawalisha, nawavalisha soksi. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tunawakusanya sebuleni, mmoja wetu anaweka diski kwenye mashine, nao wanasikiliza albamu moja nzima. Diski zipo nyingi, maana mzee akifariki, familia yake inatuachia makasha yake. Unakuta humo muziki wa kila nchi.

Papa alipotutoka, nilijua kwamba nyumbani mmefunika mashine yake kwa kitambaa cha kikwembe na kuzima radio, kama inavyotakiwa mpaka siku ya kuondoa kilio. Nikasema, ikiwa sikuweza kutupa udongo kaburini, basi angalau nitashika kimya pamoja nanyi. Chumbani kwangu nilizima kila kitu. Lakini kazini je? Ijumaa ilipofika nilijaza pamba masikioni. Usicheke, Maman. Nilifanya hivyo Ijumaa nyingi, na pamba ikawa inakaa humo hata siku nyingine. Mkuu wa zamu akiniita simsikii. Akiagiza blanketi naleta maji. Mwishowe wakanipeleka kupimwa masikio. Daktari akamulika ndani kwa taa yake ndogo, akavuta kipande cha pamba, akaniuliza naumwa wapi. Nikamjibu, "Hapana, baba yangu amekufa." Alinitazama kama mtu aliyepewa jibu la swali la mwingine.

Habari hiyo ilizunguka nyumba nzima. Ikamfikia mama mmoja mzee, Madame Odile, aliyekuwa mshonaji wa nguo za maarusi na sasa macho yake hayaoni tena. Akaniita niketi karibu naye. Alisema mume wake alipokufa, yeye aliacha muziki ulie nyumbani kutwa, kwa sababu kimya kilimtisha.

"Baba yako alipenda muziki?" akaniuliza.

"Kuliko chakula."

"Basi mbona unamnyima?"

Nilitaka kumweleza kwamba kwetu hatumnyimi marehemu kitu. Tunanyamaza ili ionekane kwamba nyumba haikukaa sawa bila yeye. Nilitafuta maneno ya Kifaransa, nikayakosa, nikabaki nakunja blanketi lake. Yeye akasema tu kwamba hawezi tena kusoma majalada ya diski, na angependa mimi nimchagulie albamu za Ijumaa. Mkuu wa zamu akakubali hapo hapo. Kazi ni kazi, Maman. Nilitoa pamba.

Ndivyo nilivyoanza kusikiliza tena, na nakuomba usinihukumu. Albamu ya kwanza niliichukua kwa sababu ya jalada lake la buluu. Ilikuwa ya mtu mmoja peke yake, anasugua kwa upinde chombo kinachofanana na gitaa kubwa, hakuna mwimbaji, hakuna ngoma. Nilidhani bado anajaribu nyuzi. Ijumaa iliyofuata Madame Odile aliiomba tena, na mara ya tatu nikasikia kwamba yule mtu anavuta pumzi kabla ya kila sehemu, kama wewe unapotaka kuinuka kwenye kiti. Sasa ndiyo naipenda kuliko zote. Kisha nikapata albamu ya wapiga fidla wa huku, wanaogonga sakafu kwa viatu badala ya ngoma, na wazee wote wakaanza kutikisa miguu chini ya mablanketi. Kuna moja ya tarumbeta ambayo inasema kidogo na kunyamaza sana. Kuna ya tango, ule muziki wa kucheza wawili wawili, na hiyo nilisikitika kwamba Papa hakuijua, maana angesema hawa watu wanacheza kama mke na mume wanaogombana.

Unakumbuka Jumapili zake? Alikuwa akitoka misa ya pili, ananawa mikono kwa sabuni, anashika diski pembeni kwa vidole, sisi tumekaa kwenye mkeka hata kukohoa tunaogopa. Mimi nilimwomba siku moja aruke nyimbo mbili za kwanza, atuwekee ile ya kuchezea. Akanigeukia: "Mutoto, disque haichaguliwake kama nyama mu sahani. Unasikiliza yote." Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, hakuruhusu mtu kugusa ule mkono wa mashine. "Tungoje. Courant itarudia, tutaendelea pale iliachia." Umeme ulikuwa unarudi Jumatatu, na kweli tulikuwa tunaendelea pale pale, sisi na sare zetu za shule. Wenzangu huku wanasikiliza wimbo nusu kwenye simu, wanaruka, wanaruka tena. Mimi siwezi. Mkono wa Papa bado uko juu yangu.

Sasa sikia lililonipata. Juzi ililetwa kasha jipya, na chini kabisa, chini ya nyimbo za Krismasi, nikakuta rumba. Rumba yetu, Maman, albamu ile ile ambayo Papa aliileta kutoka Lwiro alipokuwa akifanya kazi huko, yenye picha ya wapiga gitaa waliovaa mashati ya njano. Jalada lao ni safi kuliko letu. Nilisahau kwamba nashika kilio, nilisahau kila kitu, nikaiweka. Unajua wimbo wa tatu, pale ambapo diski yetu inaruka tangu Cikuru alipoidondosha, mpaka Papa aisukume kwa kidole? Nikangoja. Nikanyoosha hata kidole. Diski ya huku haikuruka. Mwimbaji akapita moja kwa moja na maneno ambayo sijawahi kuyasikia maisha yangu yote, maneno mazuri, na mimi nikakaa sakafuni mbele ya wale wazee nikalia kama siku ile uliponipigia simu. Huo ndio wakati nilipomzika Papa, Maman. Kabla ya hapo nilikuwa nimeambiwa tu.

Madame Odile alingoja mpaka upande wa kwanza ukaisha. Hakuniambia ninyamaze. Aliuliza tu, "Na mama yako, yeye alipenda ipi?" Za Papa nazijua zote, naweza kukutajia hata zilivyopangwa kabatini. Yako siijui hata moja. Nakukumbuka umesimama mlangoni pa jikoni na majani ya sombe mkononi, unasikiliza anachosikiliza yeye.

Basi nifike kwenye lile neno.

Karatasi yangu ya kusafiria imetoka. Niliifungua kwa furaha, nikiwa tayari nahesabu zawadi kichwani. Ndani wameandika kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa Kongo. Nimeuliza mwanasheria, nimeuliza masista wanaosaidia wakimbizi, wote jibu ni moja. Mtu aliyepewa hifadhi haruhusiwi kurudi kule alikokimbia, na akirudi, hifadhi inavunjika. Najua tonton, mjomba wetu, anasema nipitie Kigali, nivuke mpaka pale mto Ruzizi asubuhi na akina mama wauza samaki, nani atanijua? Maman, nitajulikana kabla sijafika Nyawera pale mjini. Wale walionifanya nikimbie bado wapo, na wewe unawajua kuliko mimi.

Cikuru alinipigia mimi dada yake akiwa amejificha nje usimsikie. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Yaya, maman anakatala. Anasema kilio haiwezi toka kama weye haufike, juu mutoto wa kwanza njo anawashaka muziki. Na batu ya Mumosho banauliza sasa ndoa iko lini." Hakulalamika, unajua tabia yake. Lakini nyumba yenye kilio haitoi mahari wala haipokei bibi arusi, na yule binti wa Mumosho hatangoja milele. Nawe umevaa nyeusi tangu siku ile, huendi kwenye ubatizo wala arusi ya mtu, umekaa na mashine iliyofunikwa, unanisubiri mimi.

Maman, usinisubiri. Sitakuja. Sijui kama ni mwaka huu tu au ni maisha yote, na sitaki kukudanganya kwa kusema ni karibuni. Inaniuma kuandika hivi kuliko nilivyowahi kuumia. Iteni familia, mwiteni padri, ondoeni kilio cha Papa. Nafasi yangu ya kuwasha mashine nampa Cikuru. Atakayesema hairuhusiwi, msomeeni barua hii.

Nisalimie tonton, umwambie sikukasirika, najua anasema kwa upendo. Nisalimie shangazi wa Bunyakiri akija kwa ajili ya siku hiyo. Yeye ndiye hulia kwa sauti kuliko wote, na safari hii alie kwa niaba yangu pia. Msalimie mchumba wa Cikuru, ambaye bado simwiti wifi lakini nataka kumwita. Jirani yetu aliyeleta maharagwe wakati wa matanga, mshike mkono kwa mikono yako miwili.

Neno la mwisho. Cikuru atawasha, lakini asichague yeye, wala tonton, wala mtu asiseme "tuweke ile Papa aliyoipenda." Chagua wewe. Ikiwa ni rumba, sawa. Ikiwa ni kwaya ya parokia, sawa. Ikiwa ni kitu ambacho hujawahi kumwambia mtu, ni sawa zaidi. Simu wailaze kando ya mashine nisikie mwenyewe, na wasiniambie lolote. Nataka kujua unapenda nini, Maman, wakati bado nina mama wa kumuuliza.

Binti yako wa kwanza,
Nsimire