Umesahau Mlango

Mpendwa Bi Salome, shikamoo. Naomba unishike mkono, maana kazi hii naipenda lakini siku hizi naingia darasani kwa aibu.

Nafundisha Kiswahili darasa la sita, shule moja huku Mashewa, na insha za wanafunzi wangu zilikuwa zinafanana kama wamenakiliana, basi nikawaambia kila mmoja achore ramani ya maisha yake, anapopapenda, anapopaogopa, njia anazopita, halafu aandike kutokana na hapo, na kwa kweli waliandika mpaka nikashangaa. Yupo binti anaitwa Mwantumu, mama yake mzazi alifariki akazikwa kwao Handeni, na sasa analelewa na mama wa kambo. Alichora barabara ndefu mpaka kaburini, kisha nyumba wanayoishi, bati, madirisha, kuku uani, ila mlango haupo, na mimi kwa mazoea ya kusahihisha nikaandika kwa kalamu nyekundu, "Umesahau mlango," halafu kwa kuwa ilikuwa nzuri kuliko zote nikaibandika ukutani katikati ya za wenzake siku ya kikao cha wazazi. Mama wa kambo alisimama mbele yake muda mrefu, wenzake wakimwangalia, kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kwani mimi nimemfungia nje?" Akajitanda khanga akaondoka kabla kikao hakijaanza.

Wiki iliyofuata Mwantumu alileta ramani mpya. Nyumba ina mlango, msikiti una mlango, hata kaburi la mama yake kalichorea mlango. Insha hakuandika hata neno. Nilipomuuliza akasema, "Nimesahihisha, mwalimu." Najuta sana, wala sijui nianze na mtoto au mama.

Mwalimu Stefania

Marahaba, mwalimu. Pole, ila pole yangu ni fupi. Ulimwomba mtoto akuoneshe anapoumia, akakuonesha, ukamkosoa kwa wino mwekundu kisha ukamwanika mbele ya watu. Mlango hakuusahau. Zoezi lenyewe ni zuri, usiliache, na ndiyo maana limeuma hivi.

Anza na mtoto. Bandua ramani zote, si yake peke yake, usije ukamwanika mara ya pili. Mwite pembeni, mwambie, "Hukukosea, nimekosea mimi," umrudishie ramani yake ya kwanza mkononi, halafu unyamaze. Usimhoji. Kwa mama nenda wewe nyumbani, usimwite shuleni, wala usijifanye kumfafanulia mchoro, maana hata wewe huujui. Mwombe radhi kwa kumwaibisha. Mwambie pia umeona kwamba aliacha shughuli zake akaja kikaoni kwa ajili ya mtoto asiyemzaa, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kumwambia.

Na kabla hujawapa watoto ramani nyingine, chora yako ubaoni, na ukuta ule ulipombandika Mwantumu uuweke humo, kati ya unapopaogopa. Mwantumu akiona kwamba mwalimu naye ana mahali anapopaogopa, huenda siku moja akaufuta mwenyewe ule mlango wa kaburi. Asipoufuta, usimsahihishe.