Eti Nimesafiri

Agnela, uko hapo? Nina hasira kweli.

Unajua ile AI tuliyoiweka kwenye grupu la majirani hapa Akheri, ya kupanga zamu za maji ya mfereji? Leo ilikuwa zamu yangu. Nafika shambani na jembe, nakuta maji yote yako kwa jirani yangu Elinami, kabichi zake zinaogelea.

Halafu mbele ya watu ananiuliza, "Kumbe umerudi?"

Nimerudi kutoka wapi?

Aliiambia AI kwamba nimesafiri. Nayo ikaamini, ikampa zamu yangu, ikanitakia safari njema kwenye grupu. Mimi sikuona, bando lilikuwa limeisha.

"Kumbe umerudi?" Watu wakacheka, mwenzangu. Maharage yangu yamenyauka.

Sasa sikia. Jumapili binti yake anapata kipaimara. Loshoro ya wageni, yale mahindi ya maziwa mgando, napika mimi, na masufuria makubwa ni yangu. Nimeiandikia AI kwamba nimesafiri, narudi Jumatatu. Imewatangazia wote palepale.

Hivi ninavyokuandikia Elinami anagonga geti. "Mama Elihuruma, upo?"

Niko sebuleni, nakunywa chai. Nimesafiri.