Keti, Hakuna Anayekufukuza

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima, ingawa kiti changu na mimi tumezoeana kupita kiasi. Kwa kuwa simu huisikii vizuri siku hizi, nakuandikia.

Uliuliza ninafanya kazi gani. Mwezi huu nimeyasifu magodoro ambayo sijawahi kuyalalia, na nimemwandikia mkurugenzi hotuba ya kumuaga mtu nisiyemjua. Kazi ya tatu siruhusiwi kuitaja. Nimesaini kwamba sitamwambia yeyote kuwa maneno ni yangu. Naweza kukiri tu kwamba nilikwama, nikaazima kitu kutoka jikoni kwako. Pengine ni heshima, pengine ni wizi. Bado sijaamua.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina kiburi kilekile, lakini nipo.

Jumapili kaka yako alikuja na kipeperushi cha makao ya wazee. Anasema ngazi za nyumba hii zitanimaliza. Mkewe anasema hivyohivyo, kwa sauti ya chini. Nikamjibu kwamba sitoki hapa ila kwa kubebwa. Kisha nikakifungua. Juu kabisa kumeandikwa: "Keti, hakuna anayekufukuza."

Nilicheka peke yangu. Nani mwingine alilelewa kwa maneno hayo? Ndiyo niliyowaambia kila mliporudi kutoka shuleni mkala mmesimama. Kaka yako hakuyatambua. Wewe ndiye uliyekuwa ukisikiliza.

Siulizi ulichosaini. Nauliza hili tu: hiyo bustani yenye vivuli na mabenchi inayotajwa humo, ipo? Kama wewe umeipenda, nami nitaipenda. Kaka yako anataka kusaini tarehe tano.

Mama yako

11 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianzeje kukuuliza hali, na barua yako imekaa mezani kwangu majuma mawili.

Nimeandika majibu matatu na kuyachana yote. Nilimwomba meneja wa makao ruhusa ya kutembelea. Akanikumbusha, kwa adabu kabisa, nilichosaini, na siku hiyohiyo akanipa kazi ya mwaka mzima. Niliipokea. Nilijiambia kwamba kutojua si sawa na kudanganya. Kwamba huenda pakawa pazuri kweli, nami nikakunyima raha kwa sababu ya wasiwasi wangu. Hoja hiyo ilionekana imara mpaka nilipojaribu kukuandikia.

Bustani sijaiona. Nilitumiwa picha za vyumba sita, zote za ndani. Niliitunga kwa sababu aya ilikosa hewa.

Tafadhali usihame mpaka nije.

Binti yako

24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Goti linapumzika, maana halina pa kwenda.

Kaka yako aliniletea barua yako hapa kabla hajasafiri, ikiwa haijafunguliwa. Kwa mambo kama hayo ni mwaminifu. Nilihamia tarehe sita. Nilingoja jibu lako mpaka asubuhi ile, nikajiambia kwamba ungekuwa na la kunizuia ungelisema.

Usije ukaacha kula kwa majuto. Shuka ni safi, na chakula huja cha moto. Bustani haipo, kuna uwanja wa saruji wa kuanikia nguo, na benchi moja ambalo mlinzi hulikalia. Nyumba yangu imeshapata wapangaji. Ili nitoke getini inatakiwa idhini ya aliyesaini, na kaka yako yuko kazini mbali mpaka Juni. Nimeuliza kama idhini yako inafaa. Jina lako halimo popote kwenye karatasi zao.

Juzi nilivaa viatu nikasimama mlangoni, nikasema naenda posta tu. Mlezi mmoja, msichana mpole sana, alinishika mkono akanirudisha kitini.

"Keti, mama," akasema. "Hakuna anayekufukuza."

Wote hapa wamefundishwa kuyasema. Nilitaka ujue kwamba wanayasema vizuri, hawakosei hata neno moja.

Barua hii mpishi amekubali kuiposti.

Mama yako